Kuandaa na kuziba karatasi kwa chapa za gundi: mwongozo kamili

Chapa ya gundi, yaani picha inayochapwa kwenye karatasi kwa gundi, rangi na mwanga, inahitaji vitu vitatu: gundi ya mgunga, yaani gamu arabiki, rangi ya wachoraji wa rangi za maji, na dikromati, chumvi ya kromiamu inayoifanya gundi iathiriwe na mwanga. Unachanganya, unapaka kwenye karatasi, unaacha pakauke, unalaza negativu juu yake na kuweka kwenye mwanga wenye mionzi ya urujuanimno. Palipopigwa na mwanga gundi inakuwa ngumu na kuikamata rangi. Palipokingwa na negativu inabaki laini, na ukiilaza karatasi ndani ya maji inayeyuka na kuondoka na rangi yake.

Kinachowasumbua wengi ni ile rangi inayotakiwa kuondoka kisha ikakataa. Wingu jeupe linatoka na ukungu wa buluu, shati jeupe linatoka na wekundu usioeleweka umetoka wapi. Mtu anapunguza muda wa mwanga, anabadilisha negativu, anabadilisha aina ya gundi, na ukungu uko palepale. Mara nyingi kosa lilikwishafanyika kabla ya chupa ya dikromati kufunguliwa: karatasi ilikuwa wazi, rangi ikazama kati ya nyuzi zake, na maji hayawezi kuifuata huko.

Kuiziba karatasi, yaani kuipaka utando unaozuia rangi isizame kwenye nyuzi, ndiyo dawa yake, lakini ni dawa yenye kipimo. Utando ukiwa haba, rangi inazama. Ukizidi, gundi inakosa pa kushika na picha nzima inabanduka majini kama ngozi ya kitunguu. Ushauri wangu tangu mwanzo hadi mwisho wa mwongozo huu ni mmoja: paka utando mwembamba kuliko unavyodhani unahitaji, kisha uache kipande cha majaribio kiamue kama uongeze.

Tatizo hili lilianza kuuma watu walipoanza kupaka rangi tabaka juu ya tabaka. Mungo Ponton aligundua mwaka 1839 kwamba karatasi yenye dikromati ya potasiamu hubadilika ikipigwa na mwanga. Mwaka 1855 Alphonse Poitevin akatumia kemikali hiyo pamoja na vitu vya kunata na rangi. Na miaka ya 1890 Robert Demachy, jijini Paris, akaifanya chapa ya gundi kuwa sanaa yenye heshima. Wakati huohuo Heinrich Kühn, Hugo Henneberg na Hans Watzek walikuwa wakiirudia karatasi moja mara kadhaa ili kupata kina cha rangi. Karatasi inayolowa mara moja tu inaweza kuvumilia mengi. Inayopakwa, kuangaziwa, kuloweshwa na kukaushwa mara tano au sita ni habari nyingine, na leo karibu kila anayechapa picha ya rangi tatu anafanya hivyo.

Ipime karatasi kabla ya kuigusa

Karatasi nyingi nzuri za rangi za maji zinatoka kiwandani zikiwa zimezibwa tayari. Kuna uzibaji wa ndani, unaotiwa kwenye uji wa nyuzi kabla karatasi haijaumbwa, na uzibaji wa juu, ambapo karatasi iliyokwisha kuumbwa huchovywa au kupakwa jelatini au wanga. Arches ya rangi za maji, kwa mfano, imezibwa kwa jelatini. Baadhi ya karatasi zinaweza kubeba tabaka la kwanza la gundi, hata la pili, bila wewe kuongeza chochote. Kwa hiyo usianze kwa kuchemsha jelatini; anza kwa kuipima karatasi.

Dondoshea tone la maji upande mmoja na jingine upande wa pili. Likikaa juu likiwa duara kwa dakika kadhaa, karatasi imefungwa vizuri. Likitanuka na kuacha doa la giza mara moja, iko wazi. Kipimo hiki ni cha haraka, na kinakupa picha ya jumla tu. Kipimo cha kweli ni kuipaka mchanganyiko wenyewe, nami nitakieleza mbele.

Karatasi yenyewe iwe ya pamba asilimia 100, uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba au zaidi. Nyepesi kuliko hapo hujikunja ikilowa na huchoka mapema. Uso uliolainishwa kwa mashine ya moto ndio ninaoupendelea, kwa kuwa unahifadhi mistari midogo ya negativu, lakini usitafute ulaini wa kioo: gundi inataka ukwaru kidogo wa kushikia. Uso wa wastani, ule wenye vijishimo vidogo, unashika gundi vizuri zaidi ila unaipa picha chembechembe. Wapo wanaozipenda chembechembe hizo, na hawakosei.

Kabla ya kukata, tambua mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya mashine ina nyuzi zilizolala zaidi upande mmoja, na ikilowa hutanuka zaidi kukatisha nyuzi kuliko kufuata urefu wake. Ikunje kidogo kwa mkono bila kuivunja, kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Vipande vyote vya kazi moja vikatwe kwa mwelekeo mmoja, na kila kimoja kiwekewe alama ya penseli nyuma, kwenye kona, ikionyesha uso wa kupakwa na mwelekeo wa nyuzi. Wino usitumie. Acha pambizo la sentimita 3 au zaidi kuzunguka picha, maana kingo ndizo zinazoshikwa, zinazobanwa na zinazochakaa kwanza.

Kuisinyaza

Kama picha ni ya tabaka moja, ruka sehemu hii. Kama ni ya tabaka nyingi, hasa ya rangi tatu kutoka negativu tatu, hapa hakuna njia ya mkato. Karatasi inayosinyaa hata milimita moja kati ya rangi ya njano na ile ya buluu itakupa uso wenye macho manne.

Jaza trei kwa maji ya moto, nyuzi joto 60 hadi 70, na ulaze karatasi humo moja baada ya nyingine. Ziache dakika 20 hadi 30, ukizibadilisha nafasi mara kwa mara ili ya chini isikae imebanwa. Maji yatapoa, hilo si tatizo. Zitoe, ziache zichuruzike, kisha zianike kwa kuzibana kona mbili za juu kwenye kamba. Zikauke zenyewe. Joto la kikausha nywele linakausha upande mmoja kabla ya mwingine na karatasi inatoka imepinda.

Mzunguko mmoja unaondoa sehemu kubwa ya usinyaaji. Mimi hufanya miwili kwa kazi ya rangi tatu, na wala sioni ni usumbufu, maana karatasi zinajikausha zenyewe ukifanya mengine. Angalia jambo moja lakini: maji ya moto yanaondoa sehemu ya jelatini ya kiwandani. Karatasi iliyofaulu kipimo cha tone kabla ya kulowekwa inaweza kukifeli baada yake. Ndiyo maana kusinyaza kunatangulia, kuziba kunafuata. Wanaogeuza mpangilio huo wanaosha walichokipaka.

Ipo njia nyingine inayokwepa usinyaaji wote: kuigundisha karatasi kwenye bamba la alumini. Karatasi iliyoshikwa na bamba haina pa kwenda, na tabaka kumi zinaweza kukaa moja juu ya nyingine bila kuhama. Gharama yake ni uzito, na ukweli kwamba mwisho wa siku una bamba, si karatasi. Kuziba bado kunahitajika.

Jelatini

Kuna vitu vingi vya kuzibia, lakini jelatini ndiyo ninayoishauri kwanza. Inaingia kwenye nyuzi badala ya kuzifunika tu, inabaki wazi kama kioo, na ikigumishwa haitoki tena. Tumia jelatini ya chakula au ya picha isiyo na ladha wala rangi, yenye nguvu ya Bloom (kipimo cha ugumu wa jelatini ikiganda) 225 hadi 250. Ikiwa pakiti haisemi Bloom ngapi, bado itafanya kazi. Shika tu aina moja usibadilishe katikati ya kazi.

Kipimo cha kuanzia ni asilimia 3, yaani gramu 30 kwa lita 1 ya maji. Kwa karatasi iliyozibwa vizuri kiwandani, asilimia 2 inatosha. Kwa karatasi laini inayofyonza sana, unaweza kufika 4. Zaidi ya hapo unajitafutia kubanduka.

1. Pima maji baridi lita 1, unyunyize jelatini juu yake polepole huku ukikoroga, ili isifanye madonge. Iache dakika 20 hadi 30. Chembe zitavimba na kuwa kama mchanga wa kioo uliolowa.

2. Weka chombo hicho ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto. Usikiweke juu ya moto moja kwa moja, na usichemshe, kwani jelatini iliyochemka inapoteza nguvu. Koroga taratibu mpaka myeyuko ufike nyuzi 50 hadi 60 na chembe zote ziishe. Ukiinua kijiko, kinachodondoka kiwe safi bila nafaka yoyote.

3. Ondoa povu. Chukua ukanda wa karatasi upana wa trei na uuburute juu ya uso kutoka upande mmoja hadi mwingine. Povu lote litaukimbilia. Kiputo kimoja kilichokauka kwenye karatasi kitakuwa kidoa cheusi katikati ya shavu la mtu kwenye picha, kwani rangi itazama palepale ambapo jelatini haikufika.

4. Dumisha joto kati ya nyuzi 40 na 50 muda wote wa kazi. Ikishuka karibu na 30 inaanza kuganda na mipako inakuwa na mikunjo.

Sasa unachagua kati ya kuchovya na kupaka kwa brashi.

Kuchovya kunatoa matokeo yaliyo sawa zaidi, na pande zote mbili zinafungwa, jambo linalosaidia karatasi isijikunje. Mimina jelatini kwenye trei iliyokaa juu ya trei nyingine yenye maji ya moto. Telezesha karatasi ndani kwa ukingo mmoja, bila kuiangusha bapa maana utafungia hewa chini yake. Igeuze. Iache dakika moja au mbili ili joto na jelatini vipenye. Kisha ishike kona mbili na uivute nje polepole juu ya ukingo wa trei, au juu ya fimbo ya kioo, ili ziada ibaki nyuma. Hiyo ziada ndiyo adui. Ukiona uso unang'aa kama umepakwa asali, ilaze karatasi kwenye kioo na upitishe kikamulio cha mpira mara moja, kwa mkono mwepesi, kila upande. Inayobaki kwenye nyuzi inatosha.

Ianike kwa kona mbili. Jelatini itashuka kuelekea ukingo wa chini na kufanya mstari mnene, kwa hiyo dakika chache baada ya kuianika futa ukingo huo kwa karatasi laini. Ukiamua kuipaka mkono wa pili baada ya kukauka, geuza: kilichokuwa chini kiwe juu. Hiyo ndiyo namna ya kusawazisha unene bila vifaa vya gharama.

Kupaka kwa brashi kunafaa ukiwa na karatasi chache. Brashi pana ya sponji ndiyo bora. Iloweshe kwanza kwa maji ya moto na kuikamua, kisha paka jelatini kwa mistari mirefu inayogusana, kutoka juu kwenda chini, halafu kukatisha kutoka kushoto kwenda kulia, na umalizie kwa kupitisha brashi iliyokaribia kukauka bila kuikandamiza. Kazi iishe kabla jelatini haijapoa juu ya karatasi. Ukirudi kupaka palipoanza kuganda utaacha mifereji, na mifereji ya jelatini inaonekana kwenye picha kama mistari ya mvua. Mikono miwili myembamba inaushinda mmoja mnene, siku zote.

Kuigumisha

Jelatini kavu isiyogumishwa huyeyuka tena kwenye maji ya uvuguvugu. Ukiipaka rangi juu yake, itaondoka wakati wa kuosha, na picha itaifuata. Kwa hiyo inahitaji dawa ya kuifunga.

Vitabu vya zamani vinataja fomalini. Inafanya kazi vizuri sana, na ndiyo maana ilidumu. Lakini mvuke wake unachoma macho na koo, na fomaldehidi iliyomo inajulikana kusababisha saratani. Asiyekuwa na nafasi ya nje yenye upepo asiifikirie. Mimi siitumii.

Glioksali, kemikali nyingine ya kugumisha, ndiyo inayotumika zaidi leo. Huuzwa ikiwa myeyuko wa asilimia 40, na haina mvuke mkali kama fomalini, ingawa inaudhi ngozi na glavu si hiari. Kuna namna mbili za kuitumia.

Ya kwanza ni kuichanganya ndani ya jelatini ya moto: mililita 15 kwa lita 1, ukoroge vizuri, uanze kazi papo hapo. Inaokoa hatua nzima ya kuchovya na kukausha. Kasoro yake ni kwamba saa inahesabu. Mchanganyiko unaanza kuwa mzito ukiwa bado kwenye trei, hata ukiwa wa moto, na ukishashika hakuna joto litakaloulegeza. Uwe na karatasi zote zimepangwa na kamba imefungwa kabla ya kuimimina. Ukimaliza tu, osha trei, brashi na kipimajoto kwa maji ya moto bila kuchelewa. Jelatini yenye glioksali iliyokauka kwenye brashi ya sponji ni mwisho wa brashi hiyo.

Ya pili ni kuacha karatasi zenye jelatini zikauke kabisa, kisha kuzichovya kwenye maji baridi yenye mililita 15 hadi 25 za glioksali kwa lita 1, kwa dakika 5 hadi 10. Maji yawe baridi kwelikweli, chini ya nyuzi 20, la sivyo jelatini itaanza kuvimba na kuondoka kabla haijashikwa. Ncha ya kijiko ya magadi ya kuokea inaharakisha kazi, kwa sababu glioksali inafanya kazi vizuri zaidi maji yakiwa na ualkali kidogo. Kisha suuza karatasi kwenye maji baridi safi kwa dakika 10 hivi na uzianike.

Usisuuze kwa pupa. Glioksali iliyobaki kwenye karatasi huigeuza kuwa ya manjano baada ya wiki au miezi, na hakuna kitu kinachoudhi kama bunda la karatasi nzuri lililogeuka rangi kabatini. Hata karatasi ambazo glioksali yake ilichanganywa ndani ya jelatini, mimi huzisuuza zikishakauka. Ni hatua ya ziada, naona inalipa.

Shabu ya kromi, chumvi nyingine ya kromiamu, ni njia ya tatu, ya zamani na tulivu. Kwa gramu 30 za jelatini, gramu 0.5 hivi iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo ya moto, ikamiminwa polepole ndani ya jelatini huku ukikoroga kwa nguvu. Ukiimwaga yote kwa mara moja inafanya nyuzinyuzi. Inaacha kivuli hafifu cha kijani kibluu ambacho wengi hawakioni.

Karatasi ikishakauka, usiiharakishe. Ugumu unaendelea kujijenga kwa siku kadhaa. Ili kujua kama umefika, kata ukanda mwembamba, chovya nusu yake kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika moja, kisha usugue kwa kidole. Ukihisi utelezi kama wa bamia, jelatini haijashika. Ukihisi karatasi tu iliyolowa, endelea.

Kipande cha majaribio

Wapo wanaopima karatasi kwa kuipaka gundi na rangi bila dikromati, kuiacha ikauke, kisha kuiosha waone kama rangi inatoka yote. Kipimo hicho kinapotosha. Mchanganyiko wenye dikromati ni mwepesi zaidi na unapenya tofauti, hivyo rangi inayoacha doa hapa inaweza kutoka safi kule, na kinyume chake. Pima kwa mchanganyiko utakaotumia hasa.

Changanya gundi yenye rangi na myeyuko wa dikromati kwa sehemu sawa, kama unavyochanganya kwa picha. Dikromati ni sumu, inasababisha saratani, na hushambulia ngozi na mapafu: glavu kila wakati, na unga wake upimwe ukiwa umevaa barakoa yenye kichujio, mahali pasipo na upepo wa kuupeperusha. Paka ukanda wa karatasi uliyoiziba na mwingine wa karatasi ileile ambayo hukuiziba. Kausha gizani. Funika nusu ya kila ukanda kwa kadi nzito, weka kwenye mwanga kwa muda wako wa kawaida, kisha laza kifudifudi kwenye maji ya joto la chumba. Badilisha maji yakishachafuka. Baada ya nusu saa, zitoe na uzikaushe, maana karatasi ikiwa imelowa inadanganya macho.

Nusu iliyofunikwa ndiyo unayoisoma kwanza. Ilinganishe na nyuma ya karatasi. Ikirudi nyeupe, utando unatosha. Ikibaki na rangi kwenye ukanda usiozibwa lakini ikatoka kwenye uliozibwa, umepata jibu ulilokuwa unalitafuta. Ikibaki kwenye zote mbili, usikimbilie kuongeza jelatini. Angalia rangi yenyewe: rangi za familia ya fthalo (buluu na kijani kali za kisasa) zina chembe ndogo mno na zinang'ang'ania karibu kila kitu, wakati buluu ya altramarini hutoka kwa urahisi. Pengine ulitia rangi nyingi kwa gundi kidogo. Pengine kipande kilikaa muda mrefu mno kikiwa kimepakwa; kwenye hewa ya joto na unyevu gundi yenye dikromati huanza kuwa ngumu yenyewe hata gizani, ndiyo maana karatasi iliyopakwa hutumika siku hiyohiyo.

Kisha soma nusu iliyopata mwanga. Rangi iwe tulivu, bila matobo. Ikiwa imebanduka vipande, uso umefungwa kupita kiasi au mwanga haukutosha. Ili kujua ni lipi, ongeza mwanga mara mbili kwenye kipande kingine. Kikishika, kosa lilikuwa mwanga. Kikibanduka tena, punguza jelatini asilimia moja, au kwa karatasi ambazo umeshaziziba, zikwaruze kidogo kwa msasa laini sana ukiwa mkavu, kwa duara ndogondogo, kisha ufute vumbi. Inaokoa karatasi nyingi zilizokwisha kukatiwa tamaa.

Kuna doa lingine ambalo halihusiani na kuziba: umanjano au uhudhurungi hafifu uliosambaa sawasawa. Hiyo ni dikromati iliyobaki. Chovya chapa kavu kwenye myeyuko wa metabisulfiti ya sodiamu au ya potasiamu, asilimia 1 hadi 5, kwa dakika chache, kisha uisuuze vizuri. Ukifanya hivyo katikati ya tabaka na siyo mwisho tu, hakikisha umeosha kabisa, kwa kuwa metabisulfiti iliyobaki itaiua dikromati ya tabaka linalofuata.

Wasiotaka jelatini

Kwa asiyetumia vitu vya wanyama au asiyetaka kushika glioksali, geso ya akriliki, ule mpako mweupe wa kuandalia turubai za uchoraji, iliyopunguzwa kwa maji ndiyo njia rahisi. Anza na sehemu 1 ya geso kwa sehemu 4 za maji, paka mkono mmoja, kausha, paka mwingine kukatisha wa kwanza. Chaki iliyomo inaacha ukwaru ambao gundi inaupenda, na haihitaji kugumishwa. Lakini inabadilisha uso wa karatasi. Pamba inapoteza ule mguso wake, na weupe unakuwa wa geso. Kwa picha zenye nguvu na rangi nzito sioni ubaya. Kwa picha za upole naona inapoteza kitu. Gundi nyeupe ya PVA iliyopunguzwa sana pia inaziba, ila mstari kati ya kutosha na kuzidi ni mwembamba mno, na ukishauvuka karatasi inakuwa plastiki. Wanga ulitumika sana zamani, na bado unafaa kwa picha ya tabaka moja. Kwa tabaka nyingi unachoka mapema.

Gundi juu ya sayanotaipi

Wengi huchapa tabaka la buluu kwa sayanotaipi, njia ya kuchapa picha za buluu kwa chumvi za chuma, kisha rangi nyingine kwa gundi. Hapa mpangilio unabadilika. Sayanotaipi inataka kuingia kwenye nyuzi, kwa hiyo sinyaza karatasi, chapa buluu kwenye karatasi isiyoongezewa jelatini, ioshe, iache ikauke, na ndipo uizibe kwa ajili ya gundi.

Mambo mawili ya kuangalia. Buluu ya sayanotaipi inafifia kwenye ualkali, hivyo magadi hayana nafasi kwenye glioksali yako safari hii. Changanya glioksali ndani ya jelatini badala ya kuichovya. Pili, karatasi nyingi za kisasa zimetiwa kalsiamu kaboneti ili zisioze kwa asidi, na hiyo nayo inaishambulia buluu. Ikiwa tabaka la sayanotaipi linatoka hafifu, loweka karatasi kwenye asidi ya sulfamiki ya asilimia 5 hadi 10 kabla ya kuisinyaza, mpaka viputo viishe, kisha uisuuze. Kwa gundi peke yake hatua hii haihitajiki.

Kati ya tabaka, na baada ya kazi

Baada ya tabaka la tatu au la nne, unaweza kuona ukungu ukirudi ingawa la kwanza lilitoka safi. Kila kuloweshwa kunalegeza kidogo. Mkono mmoja mwembamba wa jelatini ya asilimia 2 yenye glioksali, kwa brashi, juu ya picha iliyokauka, unarudisha mambo mahali pake. Usifanye hivyo kila tabaka kwa mazoea. Fanya ukiona haja.

Jelatini iliyobaki bila dawa hukaa kwenye jokofu siku mbili au tatu, ikifunikwa, na hurudishwa kwa joto la taratibu. Ikianza kunuka, itupe. Maji yenye dikromati usiyamwage ovyo: kromiamu iliyomo ni ile hatari zaidi, na Umoja wa Ulaya uliweka vizuizi vikali vya kuitumia tangu 2017. Ongeza metabisulfiti kwenye mabaki mpaka rangi ya chungwa igeuke kijani, ishara kwamba imeshuka kwenye hali isiyo kali sana, kisha uyapeleke panapopokewa taka za kemikali.

Karatasi zilizozibwa zilaze bapa, mahali pakavu, karatasi isiyo na asidi katikati ya kila moja, na chini ya ubao mzito ili zinyooke. Andika kwa penseli nyuma ya kila moja: tarehe, asilimia ya jelatini, dawa ya kugumisha, na kama imesinyazwa mara moja au mbili. Zile za glioksali zitumie ndani ya miezi michache.